Maganda ya Chaza Yaliyopanda Mlima

Mimi shule niliiacha darasa la pili nikashika jembe, na jembe halijaniaibisha. Wajukuu wangu mnaosoma haya msitafute humu maneno ya kitabuni, hayamo. Nataka mjue jinsi sisi akina mama tulivyolipigania bonde letu la kabichi kwa takataka za baharini, na wakati huo wengi wetu bahari tulikuwa hatujaiona hata kwenye picha.

Bonde lenyewe liko chini ya kanisa, ukivuka kijito. Zamani lilikuwa matete na vyura. Vilipokuja vijiji vya ujamaa, wanaume wa kijiji chetu walipewa shamba la kahawa kule juu penye udongo mwekundu mzuri, sisi tukaambiwa haya, akina mama, chukueni kinamasi. Walidhani wametutupia makombo. Tukachimba mifereji, tukang'oa matete mpaka viganja vikatoka damu. Walutheri na Waislamu tulikuwa humo pamoja. Ijumaa mchana hawa wanaondoka, Jumapili wale hawaji, na shamba halikulala. Msimu wa kwanza tulitoa kabichi ambazo ukiibeba moja tumboni unatembea kama mja mzito. Lori lilikuja mpaka barabarani kuzichukua kwenda Tanga. Kwa kabichi zile tuliezeka bati zahanati ya kijiji, na mwanamke aliyekuwa hajawahi kufungua mdomo kwenye mkutano akaanza kufungua.

Halafu kabichi zikaanza kuugua. Asubuhi zimesimama, jua likitoka zinalegea kama nguo iliyolowa. Ukiing'oa unakuta mizizi imevimba, mafundomafundo, inanuka. Mwenyekiti wa kijiji alikuja akashika moja, akaiinua juu wanaume wenzake waione.

"Akina mama," akasema, "kabichi zenu zina matende."

Wakacheka wote. Mimi nilicheka pia, kwa kuwa kweli zilifanana na miguu ya matende. Lakini nilipofika nyumbani sikucheka.

Bwana shamba wetu alikuwa kijana mwenye adabu, akikuta mama yeyote anaamkia shikamoo hata kama mama mwenyewe ana makamasi ya mafua. Alichimba udongo akaunusa, akasema, "Mama zangu, udongo huu umekuwa mchachu. Unataka chokaa. Mkitia chokaa ya kutosha ugonjwa huu utarudi nyuma."

"Chokaa ipo wapi?"

"Bohari ya wilaya hakuna. Nimeuliza Korogwe, nako hakuna. Tusubiri."

Wakati ule kila kitu kilikuwa cha kusubiri: sabuni, sukari, mafuta ya taa. Tulikuwa mabingwa wa kusubiri. Ila mwenyekiti hakutaka kusubiri. Kwenye mkutano akasema bonde tunapewa msimu mmoja tu. Kabichi zikifa tena, wanaume watalichukua wapande miwa, uwe mradi wa kijiji. Miwa! Kila mtu pale alijua miwa ile itaishia wapi. Usambara miwa inakamuliwa ikawa boha, pombe yetu, na boha inanywewa, na anayeinywa hatuambii ameezeka zahanati gani. Nilimtazama mume wangu, yeye akatazama viatu vyake.

Mimi nina dada yangu, tumbo moja, aliolewa pwani, kijiji cha karibu na Tanga. Alikuwa amejifungua, nikapanda lori la mboga kwenda kumwona mtoto, nimebeba mapeasi na maharage. Nilifika nikiwa nimetapika njia nzima kuanzia kona za Soni. Dada yangu kabla ya kujifungua alikuwa akifanya kazi kwenye banda moja ufukweni, wanawake wanachemsha chaza na kome wanatoa nyama, na upande wa pili wanamenya kamba wa baharini. Nyama inakwenda kuuzwa. Maganda yanatupwa nyuma ya banda. Jamani, lile lundo! Lilikuwa refu kushinda nyumba yangu, nzi wanaimba juu yake kama kwaya, na bwana afya alikuwa keshawafokea waliondoe.

"Mnafanyia nini maganda haya?" nikauliza.

"Tunayakimbia," dada akajibu. Alikuwa amekwisha kuwa mtu wa pwani kabisa, hata kucheka kwake kulikuwa kwa pwani. "Zamani wazee walikuwa wakichoma chokaa ya kujengea. Siku hizi nani ana nguvu hizo? Watu wanataka saruji."

Neno chokaa lilinipiga moyoni. Nikamshika mkono. "Chokaa? Maganda haya ndiyo chokaa?"

Shemeji yangu, mume wa dada, babu yake alikuwa mchomaji chokaa. Alinieleza nikiwa nimekaa mlangoni kwake nimepakata mtoto: unapanga magogo makavu kama kitanda cha mviringo, unamwaga maganda juu, unawasha, unaacha yaungue mpaka yawe meupe kabisa. Yakipoa unayamwagia maji. "Hapo shemeji usogee mbali, yanachemka yenyewe kama ugali. Kisha yanakuwa unga. Huo unga ndio chokaa."

"Yanachemka bila moto?"

"Bila moto. Utaona mwenyewe."

Lori lililopeleka mboga Tanga lilikuwa linarudi tupu. Dereva alikuwa mtu wa kwetu, Mshambaa mnene mwenye huruma, lakini nilipomwambia tunabeba maganda akaniangalia kama nimeugua malaria ya kichwa.

"Mama, nibebe taka? Nipandishe taka mlimani?"

"Beba. Ukifika, mkeo ni mmoja wetu, kamuulize yeye."

Akabeba. Wanawake wa banda walitujazia wenyewe, wanashangilia, wanatuombea dua. Wakaongeza magunia ya maganda na vichwa vya kamba yaliyokauka, wakasema haya myachimbie chini ya mimea, ardhi inayapenda. Safari ya kurudi nilikaa mbele na dereva, vioo wazi, na bado tulinuka hadi polisi wa kizuizi cha Mombo akatupungia mkono tupite bila kukagua.

Kijijini harufu ilifika kabla yangu. Mama mkwe wangu alikuwa amesimama barabarani ameziba pua kwa kanga. Huyu mama mkwe lazima niwaeleze vizuri, kwa sababu bila yeye hadithi isingekuwa na chumvi. Alikuwa mzaliwa wa Bungu, mfinyanzi wa vyungu, mfupi, mkavu, sauti ya tarumbeta. Vyungu vyake vilikuwa vinapikia makande katika nusu ya nyumba za milima hii. Alichungulia gunia la kamba, akaona yale macho na zile ndevu, akaruka nyuma.

"Mkwe! Umetuletea panzi wa baharini?"

"Mama, shikamoo. Ni mbolea."

"Marahaba. Hao ni wadudu. Sisi wadudu tunaua, hatuwapandishi kwenye lori."

Lakini lori lilikwisha kumwaga. Tukaitana ngemo, ile kazi yetu ya kualikana ambapo mwenye shughuli anapika na walioitwa wanafanya kazi mpaka iishe. Nilipika makande sufuria la kupikia harusi. Wale wa magunia ya kamba wakayachimbia bondeni, na kwa muda mbwa na paka wa kijiji kizima wakahamia kwetu. Tukawa tunalinda shamba kwa fimbo. Kuku wangu walidonoa yaliyomwagika barabarani, wakaanza kutaga mayai yenye kiini chekundu kama embe, ganda gumu huvunji kwa pigo moja la kijiko. Jirani yangu wa Kiislamu, mcheshi kuliko wote, akawa anakuja kila asubuhi: "Naomba lile yai lako la mapambazuko."

Ikabaki kazi ya kuchoma. Kuni zilikuwepo, matawi ya miwati tuliyopogoa kwenye mipaka ya mashamba yetu, makavu. Tatizo ni nani ataongoza moto. Katika sisi wote aliyejua kuchoma kitu juu ya kuni wazi, kikaiva bila kuharibika, alikuwa mmoja tu. Nikaenda kwa mama mkwe nikapiga magoti.

Aliendelea kukanda udongo wake, anataka nibembeleze. Nikabembeleza. Kisha akafunga kaniki yake kiunoni akatoka, na kuanzia hapo mimi na habari zangu za shemeji wa pwani tukawa hatuna kauli.

Huku kwetu ufinyanzi ni wa wanawake, na una miiko yake. Siku ya kuchoma vyungu mwanamume hakaribii. Watu hawagombani. Na maji hayaletwi karibu kabisa, hata ya kunywa, kwa sababu chungu cha moto kikiguswa na tone la maji kinapasuka, kazi yote inakwenda. Mama mkwe alichukua miiko ile yote kama ilivyo akaiweka juu ya maganda ya chaza. Mwenyekiti alikuja kutazama mradi, akafukuzwa kwa kijinga cha moto.

"Mimi ni mwenyekiti wa kijiji!" alipiga kelele kutoka mbali.

"Kawe mwenyekiti huko huko! Huku ni jikoni!"

Moto uliwaka siku nzima, mzuri, wa bluu chini na mwekundu juu. Ulipozimika na kupoa, maganda yalikuwa meupe kama meno ya mtoto. Nikasema kwa upole, "Mama, shemeji alisema sasa tumwagie maji."

Aligeuka akaniangalia hivi. "Maji? Umeona limepasuka hata moja?" Aliokota ganda la chaza, akaligonga kwa ukucha, likalia ti. "Yote mazima. Tangu nianze kuchoma sijawahi kupata kazi isiyo na kilichovunjika. Nikayamwagie maji yapasuke? Hao wa pwani ndiyo maana hawana vyungu."

Mfinyanzi anafurahia kitu kikitoka motoni kizima. Sisi tulikuwa tunataka unga, na unga hautoki kwenye kitu kizima, lakini nani angemwambia? Akaamua: asubuhi tubebe maganda mpaka bondeni, tukayatwange kwenye vinu. Tukakubali. Mkwe gani anabishana na mama mkwe wake mbele ya ngemo?

Asubuhi ile kulikuwa na baridi ya kwetu, ile ya mwezi wa saba. Tulijaza matenga, tukaweka kata za majani ya migomba kichwani, tukateremka kwa mstari, mama mkwe mbele, tunaimba. Njia inapita mgongo wa kilima halafu inazama. Tulipofika pale inapozama, ukungu ukapanda kutoka bondeni kama unavyofanya siku zote, ukatumeza, na manyunyu yakaanza. Wimbo ukaendelea. Mimi nilikuwa wa tatu hivi au wa nne, namwona mbele yangu jirani yangu wa Kiislamu. Nikaona kichwa chake kinafuka.

Nilidhani ni ukungu. Lakini ukungu hausemi. Kile kilikuwa kinasema: tss, tss, ta!

"Dada," nikamwambia, "tenga lako linapika."

"Hata la mama mkwe wako huko mbele linapika."

Kweli, mstari mzima matenga yalikuwa yanatoa mvuke. Hapo ndipo mwenyekiti akatokea, anapandisha, amevaa koti lake la mvua la serikali. Aliona wanawake wanatoka ndani ya ukungu, vichwa vyao vinafuka moshi, wanaimba. Alisimama. Mdomo ukabaki wazi.

"Akina mama! Mnaungua!"

"Nani anaungua?" mama mkwe akajibu bila kusimama. "Hii ni baridi, mdomo wako nao unatoa mo..." Hakumaliza. Joto lilikuwa limefika kwenye kata. Alilitupa tenga, na sisi wote tukatupa, tang'a, tang'a, maganda yakatapakaa njiani, na pale chini kwenye nyasi zenye umande yakaanza kufanya vile shemeji alivyosema: yanapasuka, yanavimba, yanafukuta, yanamwagika yenyewe kuwa unga mweupe laini kushinda unga wa sembe. Mwanamke mmoja alianza kukemea pepo kwa jina la Yesu, mwingine akawa anasoma dua, na jirani yangu amekaa chini anacheka hadi machozi. Hakuna aliyeumia, ila kata zilibabuka, na mama mkwe kipara kidogo cha utosini kilibaki chekundu siku kadhaa.

Yeye mwenyewe alichuchumaa. Alitazama lile ganda lake la ti, sasa ni kivumbi. Akachota kidogo kwa jani, akalisugua, akanusa.

"Kumbe hiki si chungu," akasema.

"Kumbe," jirani akajibu, "na mkwe wako alisema."

"Alisema kwa sauti ndogo."

Manyunyu yalikuwa yanageuka mvua, na mvua ile ingeshuka na chokaa yetu yote mpaka kijitoni, tukabaki na matende yetu. Bonde letu lilikuwa limelala pale njiani, jeupe, linaanza kutiririka. Nikapiga kelele: funikeni! Kanga zikavuliwa mabegani, majani ya migomba yakakatwa, mama mkwe akavua kaniki yake akabaki na gagulo. Bado haikutosha. Tukamgeukia mwenyekiti.

"Vua koti."

"Koti hili ni la ofisi."

"Vua!" walisema wote.

Akavua. Tena, haki yake nimpe, alichuchumaa na sisi, analishikilia pande mbili lisipeperuke, mvua inampiga mgongoni, na kila likipasuka ganda lililokuwa halijakunywa maji anaruka. Mvua ilipopungua tulikusanya unga kwa vipande vya vibuyu na mikono tuliyoifunga majani, na hata hivyo vidole vilichubuka. Sehemu kubwa tuliiokoa. Sehemu nyingine ilikwenda na maji, na kwa muda kijito kilipita cheupe kama maziwa. Watoto wa shule ya chini walirudi nyumbani wakisema mlima umekamuliwa.

Chokaa iliyobaki ilitosha bonde karibu nusu. Bwana shamba, aliyekuwa ameitwa semina wilayani siku zile zote, alirudi akatuonyesha namna ya kuinyunyiza na kuichanganya na udongo, na akatuambia tungoje kabla ya kupanda. Tukangoja. Tulipanda bonde zima, upande uliotiwa na upande usiotiwa, kwa kuwa miche ilikuwepo na matumaini hayana mpaka.

Siku ya kukaguliwa kijiji kizima kiliteremka. Wanaume walikuja na mbegu za miwa kabisa, wamezifunga mafungu wamezipanga ukingoni, wana haraka hao. Mwenyekiti alianzia upande wa chokaa. Akashika kabichi, akavuta. Haikutoka. Akavuta kwa mikono miwili, ikatoka, akakaa chini nayo. Mizizi myembamba, mingi, myeupe, imeng'ang'ania udongo. Akina mama tukapiga vigelegele ambavyo nadhani Mlalo walivisikia.

"Ngojeni," akasema. Akavuka kwenda upande wa pili, akang'oa nyingine. Hiyo ilitoka bila kuombwa, imevimba, inanuka. Wanaume nao wakapiga kelele.

"Basi iwe haki," mwenyekiti akasema. "Nusu yenu. Nusu ya wagonjwa tuachieni miwa."

Hapo damu yangu ilipanda. Nikatoka mbele, mimi mtu wa darasa la pili. "Mwenyekiti, tulipoanza hapa hapakuwa na nusu. Palikuwa na vyura. Umeona kwa macho yako: palipo na chokaa kabichi imepona. Pasipo na chokaa hapana kosa la mama yeyote, chokaa ilishuka na mvua, na wewe ulikuwepo, umelowa. Au unataka niwaambie watu ulivyokuwa unaruka?"

Watu wakaanza kucheka. Akakohoa. "Na hiyo chokaa nyingine itatoka wapi? Lori litabeba taka kila siku?"

Dereva alikuwa pale, mkewe amesimama karibu naye, karibu sana. Akasema litabeba.

"Nani atakwenda kuzifuata na kusimamia?"

Nikafungua mdomo niseme mimi. Lakini sauti ya tarumbeta ilitoka nyuma yangu. "Nitakwenda mimi." Mama mkwe. Mtu ambaye mwisho wake wa dunia ulikuwa Mombo. "Na nitachoma mimi, na maji nitamwaga mimi. Nani mwingine hapa amekwisha kuungua kichwa kwa ajili ya bonde hili?"

Mwenyekiti alitazama wanaume, wanaume wakatazama mafungu yao ya miwa. Wake zao walikuwa wamesimama nyuma yao, kimya, na ule si ukimya wa kuufurahia ukiwa njiani kwenda kula nyumbani kwako. Akauliza anayepinga anyooshe mkono. Mkono mmoja ulianza kupanda, mkewe akakohoa, ukashuka.

"Basi," akasema mwenyekiti, "bonde ni la akina mama. Lote."

Hatukumpa nafasi ya kubadili. Jirani yangu alikuwa keshachukua jembe, mimi langu, tukaingia upande wa wagonjwa tunang'oa mizizi iliyooza tukaichome mbali, udongo ukae tayari. Mwenyekiti alikuwa bado amesimama katikati, anatafuta maneno ya kufungia mkutano.

"Sogea, mwenyekiti," mama mkwe akamwambia. "Unakanyaga tuta letu."

Akasogea.